Dakika Kumi na Moja za Chokaa

Kikundi chetu kina sheria nyingi, lakini moja ndiyo mama yao: usiipigie kura filamu ambayo hujaiona. Ukiisikia unadhani ni rahisi. Kwa uzoefu wangu, mtu anayeweza kukiri uzinzi mbele ya wazee wa kanisa bado atakudanganya kuhusu filamu aliyolala katikati yake.

Mimi ndiye mhesabu kura. Naitwa Arlene Boersma. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne hapa Grand Rapids, na nilipewa kazi hii kwa sababu wote waliamini sina huruma. Kila baada ya miaka minne tunatengeneza orodha ya filamu mia moja zenye uzito wa kiroho. Wanachama ni kama sabini. Wengi tunawajua kwa majina yao ya mtandaoni tu, na kumi na tano hivi hukutana Jumamosi mchana katika chumba cha chini cha kanisa, penye viti vya kukunja, kahawa nyepesi na mikate ya nyama ya nguruwe. Kila filamu iliyopendekezwa hupewa alama, moja hadi tano, na wale walioiona, isipokuwa aliyeipendekeza, na kura hiyo hubaki hata mwenyewe akifa. Isipopata wapiga kura kumi haihesabiwi, hata kama imeongozwa na malaika.

Tumebishana juu ya kila kitu. Je, filamu isiyomtaja Mungu inaweza kuingia? Inaweza. Filamu ya kutisha? Inaweza, ila Twyla Postma atatoka nje na kufunga mlango kwa nguvu. Inayomtaja Mungu kila baada ya dakika tano? Hiyo ni kwa nadra sana. Lakini hakuna aliyewahi kusema tuulizane kama kweli tumeziona. Kumuuliza mwenzako hivyo ni kumwita mwongo, na sisi ni watu wa staha.

Katika kila orodha Mchungaji Wendell Tuinstra alipendekeza filamu ileile, iitwayo Chokaa. Ilitengenezwa Slovakia na mtu ambaye hakutengeneza nyingine tena. Wendell aliiona mwaka 1971, katika ukumbi wa chuo kimoja huko Chicago, akiwa mchungaji kijana aliyekwisha kuandika barua ya kuacha utumishi. Alitoka ukumbini, akaichana barua, akatumikia miaka ishirini na sita zaidi. Baadaye binamu yake aliyeko Uholanzi alimtumia kaseti ya video, akawa anaiazima kwa yeyote aliyekubali kuichukua. Si wengi waliokubali. Kisha chumba cha chini cha nyumba yake kikafurika maji na kaseti ikaharibika. Chokaa haikupata kura zaidi ya tatu.

Sasa alikuwa na miaka sabini na tisa na macho yake yalikuwa yanakwisha, yakianzia katikati. Akikutazama usoni aliona masikio yako tu. Daktari alimwambia kwamba kufikia kiangazi hataweza kusoma wala kutazama filamu. Alichotaka ni kuiona Chokaa mara moja tu kabla ya hapo. Aliamini kwamba ikiingia kwenye orodha, mtu mahali fulani mwenye nakala ataisoma na kutuandikia. Jambo hilo lilikwisha kututokea mara mbili kwa filamu nyingine, kwa hiyo hakuwa anaota.

Niseme na la kwangu. Niliiazima ile kaseti miaka saba kabla, nikakaa nayo wiki tatu. Jioni moja niliiweka, nikatazama dakika kumi na moja za mwanamume mmoja akikoroga chokaa uani mwa kanisa, nikasinzia. Nilipoamka kioo cha televisheni kilikuwa cheupe. Niliirudisha pamoja na bakuli la viazi vya kuokwa, nikamwambia Wendell, “Imenigusa, Mchungaji.” Nikaipa nne. Nilichagua nne kwa sababu tano ingeonekana ya kujipendekeza.

Mwaka huo kura zilifungwa Ijumaa. Asubuhi ya Jumanne nilifika kwenye safu ya Chokaa nikakuta kura kumi na moja. Wastani wake ulikuwa nne nukta nane. Ilikuwa imekaa nafasi ya kumi na mbili, juu ya filamu ambazo watu wameziandikia vitabu. Nilivua miwani, nikaifuta, nikavaa tena. Zile tatu za zamani zilikuwepo. Wanane wapya walikuwa wale wale wanaokula mikate pamoja nami kila Jumamosi.

Nikampigia Gert Vredevoogd, mwenyekiti wetu, daktari wa meno mstaafu ambaye kwa miaka yote ya kazi yake aliwaambia watoto kwamba haitauma.

“Gert, umepitisha mchango wa kura?”

“Mchango gani tena? Habari za asubuhi kwanza.”

“Za asubuhi si nzuri. Chokaa ina kura kumi na moja.”

“Alaa! Hongera kwake!”

“Kaseti ilioza mwaka wa mafuriko, Gert. Hawa wanane wameiona wapi? Ndotoni?”

Nikamsikia anavuta kiti. “Sikiliza, Arlene. Mzee wa watu anapofuka. Nimewapigia watu simu, nikawaambia wampe nne au tano, kitu gani? Orodha ikitoka, mwenye nakala akijitokeza, tunaitazama wote, na uongo unakuwa kweli. Nani ameumia?”

“Sheria.”

“Sheria haina macho ya kupofuka.”

“Huo ni uongo.”

“Ni upendo.”

“Kwenye jedwali langu hakuna safu ya upendo.”

“Ndiyo maana tulikupa wewe jedwali na si mimi,” akasema, akacheka. Kisha sauti yake ikashuka. “Halafu wewe mwenzetu si uliiona kweli? Basi kura yako safi. Hizo nyingine tuachie sisi na Mungu wetu.”

Ningeweza kusema hapo. Tulikuwa wawili tu, kwenye simu, na Gert si mtu wa kushangaa. Nilisema, “Ndiyo, niliiona,” nikakata simu. Niliziacha kura zote kumi na moja mahali pake. Nilijiambia kwamba nimeshindwa na huruma, jambo ambalo lingewashangaza wanafunzi wangu.

Jumamosi ilikuwa ya theluji laini ya Machi. Nilimchukua Wendell kwake kwa gari langu, kama kawaida tangu alipoacha kuendesha. Alivaa tai. Njiani alinipa pipi ya mnanaa, na yeye akaweka moja mdomoni. Alikuwa na desturi hiyo tangu kanisani: moja mahubiri yakianza, moja yakifika katikati.

Gert alisoma orodha kuanzia mia moja kushuka. Watu walishangilia, walizomea, Twyla alitoka nje mara moja. Alipofika ya kumi na mbili alisita kidogo ili kunogesha, kisha akasema, “Chokaa.”

Chumba kizima kilipiga makofi. Wendell alisimama akishika mgongo wa kiti cha mbele. Watu wawili walifuta machozi. Nakiri kwamba kwa dakika moja niliona Gert ana haki na mimi nina jedwali tu.

“Ni akina nani?” Wendell akauliza. “Mlioiona. Huenda kaseti ilipitia mikono nisiyoijua. Inueni mikono, niambieni na majina, maana siwaoni vizuri.”

Mikono ikainuka, taratibu. “Gert.” “Twyla.” “Arlene,” nikasema. Wakaendelea hadi wakaisha.

“Jamani,” akasema. “Jamani. Sasa niambieni, maana nimebishana na nafsi yangu miaka arobaini. Pale mwisho. Yule fundi yuko mbele ya ukuta wenye picha ya mtakatifu, ana brashi mkononi. Anaifunika picha kwa chokaa, au anakwangua chokaa ya zamani ili kuifunua? Mnaonaje?”

Mtambo wa kahawa ulikuwa unakoroma peke yake kwenye kona.

“Anaifunua,” Gert akasema.

“Mimi naona anaifunika,” Twyla akasema wakati huohuo.

“Vizuri sana!” Wendell alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeletewa chakula. “Twyla, kwa nini unasema anaifunika? Ni kwa sababu ya ule mkono wake wa kushoto?”

“Ee… ndiyo. Mkono.”

“Mkono unakuambia nini?”

Twyla alitazama sakafu. Akaniangalia mimi. Gert naye akaniangalia. Wote walikuwa wakinisubiri mimi, mwenye kura safi, niwatoe kwenye shimo.

Wendell akageuza uso, akaelekeza macho karibu na sikio langu. “Haya Arlene. Wewe ulikaa nayo wiki tatu. Waambie.”

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefikia ukuta. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu utoto, aibu ya masikio kuwaka moto.

“Nilitazama dakika kumi na moja, Mchungaji,” nikasema. “Nikalala. Mwisho wake siujui.”

Gert akasimama. “Wendell, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyewaomba. Wanane hawajaiona kabisa. Tulitaka tu upate…”

“Najua mlichotaka,” Wendell akasema. Alikaa chini polepole, akikitafuta kiti kwa mkono. “Iondoe, Arlene.”

“Ikikaa, mwenye nakala anaweza kuiona,” Gert akasema. “Mwaka huu, Wendell. Hakuna mwaka mwingine.”

“Nimesikia. Hiyo ni orodha ya watu wanaosema walichokiona. Iondoe.”

Nikaikata kwa kalamu mbele ya wote. Ya kumi na tatu ikawa ya kumi na mbili, na zote zilizofuata zikapanda. Gert alimaliza kusoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mazishi. Hakuna aliyegusa mikate.

Tulivuka daraja la mto kwa gari langu. Nilikuwa nimejitayarishia kukaripiwa, na ningeshukuru kukaripiwa.

“Sikuhitaji kumi,” akasema hatimaye. “Kumi ilikuwa ya orodha. Mimi nilikuwa na wewe. Wale wengine wawili walishakufa, unajua? Nikikaa peke yangu nikiikumbuka, nilikuwa najiambia, si mimi tu, Arlene naye aliiona. Miaka saba.”

Niliendesha. Barabara ilikuwa imemwagwa chumvi na vioo vilikuwa vimechafuka. “Nisamehe, Mchungaji,” nikasema.

“Nitakusamehe. Si leo, leo nimechoka.”

Tulipita kituo cha mafuta, tukapita shule. Alitoa pipi mfukoni, akaishika tu.

“Hizo dakika kumi na moja,” akasema, “ulikuwa macho kweli, au nazo ni za kuongeza?”

“Nilikuwa macho.”

“Basi nieleze ulichokiona. Anzia mwanzo.”

Nikaanza. Nilimwambia kuna ua, na ukuta wenye ufa, na ndoo mbili, moja haina mshikio. Fundi anakuja na mkokoteni. Anamwaga chokaa katika shimo, anatia maji, mvuke unapanda. Anakoroga. Ni mtu mnene kidogo, amefunga kamba badala ya mkanda. Nilishangaa mambo niliyokuwa nayo. Sikuwahi kuyafikiria tena tangu siku ile, na yalikuwa yamekaa tu yakingoja.

“Kuna kuku,” nikasema.

“Kuna kuku,” akasema. “Endelea.”

“Chokaa inamrukia mdomoni. Anatema, anajifuta kwa mkono wa shati. Halafu anacheka.”

“Hacheki.”

“Anacheka, Mchungaji. Yuko peke yake, anaangalia kama kuna mtu amemwona, halafu anacheka.”

Aliigeuzageuza pipi kati ya vidole, nikadhani nimeharibu tena. “Nimemhubiri yule mtu miaka ishirini na sita,” akasema. “Nimemhubiri kama mtu wa huzuni. Una hakika?”

“Kwa hilo nina hakika.”

Tulikuwa tumefika kwake. Theluji ilikuwa imefunika ngazi za barazani. Sikuzima injini, kwa ajili ya joto, naye hakugusa mlango.

“Anacheka,” akasema tena, taratibu, kwa nafsi yake. “Halafu?”

“Halafu nililala.”

Wendell aliiweka ile pipi mdomoni, akaegemea kiti, akafumba macho. “Basi anarudi kwenye ndoo,” akasema. “Dakika ya kumi na mbili. Anachukua ile isiyo na mshikio.”