Uzi wa Dobi

Hotelini pale Malindi walisema Mramba, mpokea simu, akisikia waya wa simu ukikohoa, hujua anayepiga ni nani na amekula nini. Uvumi huo aliueneza mwenyewe. Ubao wake wa simu ulikuwa na matundu yasiyo na maandishi, akayajua kwa mahali pake tu: la juu meneja, la pembeni jikoni, la kati stoo, la chini kabisa dobi, wanakofuliwa nguo.

Mwaka wa themanini na sita ukaletwa ubao mpya. Joram, fundi kutoka bara, akashika koleo.

"Mzee, tutie kila waya alama kabla sijakata. Hii mashine haijui mambo ya zamani. Waya wa kwanza kuingia inauita moja, unaofuata mbili."

"Kata, bwana! Waya hizi nimezilea mimi. Hata zikigeuka nyoka, nitaziita kwa majina zije."

Joram akakata, Mramba akaziingiza kwenye ubao mpya kwa kukumbuka tu. Wakajaribu jikoni, ikaitika. "Nilikwambia nini?" Matundu mengine hayakujaribiwa.

Alasiri ikaja simu kutoka dukani Vitengeni. Mamake Kadii, yule binti mfuaji wa dobi, amezidiwa. Gari la kumpeleka hospitali Kilifi liko tayari, naye ataka kusikia sauti ya mwanawe kwanza. Mramba akachomeka tundu la chini kabisa. Ikalia, ikalia.

"Dobi hawaitiki. Wamekwenda kula, hao hawashibi."

"Jaribu tena, ndugu yangu. Mama ameshika simu hapa."

Joram alikuwa barazani akinywa chai; kumwita tu. Lakini angemwitaje, baada ya majigambo yale? Akachomeka palepale, mpaka Vitengeni wakakata.

Jioni Kadii akaja, vidole vimekunjamana kwa maji. "Kaka Mramba, mama hajiwezi, nimefua kando ya simu tangu asubuhi. Nyumbani hawajapiga?"

Kabla hajajibu, Nzai mlinzi akapita akicheka. "Nani huyo alasiri nzima alikuwa akivipigia simu viti vibovu stoo?"

Mama hakufika Kilifi.

Baada ya matanga Mramba alikwenda dobi. Pale kila nguo ya mgeni hushonwa uzi wa rangi kwenye pindo kabla ya kutiwa majini, isije ikapotea.

"Nipe nyuzi, dada."

"Za nini?"

"Za waya."

Kadii akakata nyuzi za rangi mbalimbali. "Huu mwekundu ndio wetu. Ufunge sawasawa."

Akarudi ubaoni, akaufunga kwenye waya wa dobi. Akapiga, kujaribu. Ilipolia tu, ikapokewa.

"Dobi," akasema Kadii.

Mramba akachukua uzi wa waya unaofuata.