Kombe la Amani na Chupa ya Kwanza

Baba yangu, Manassé, alipochaguliwa katibu wa Kombe la Amani, alikwenda maktaba akachapisha kurasa kumi na moja kuhusu Olimpiki ya London ya 1948. Mtu anayepakia masanduku kwenye ghala la Okolona siku sita kwa wiki anahitaji mapumziko, na yeye alipumzika kwa kuwa mwanahistoria.

Kombe la Amani ni mashindano yetu ya mpira, sisi watu tuliotoka milima ya Kivu ya Kusini na sasa tunaishi Marekani: sisi Louisville, wengine Columbus na Buffalo. Tunacheza kila Septemba, wikendi ya Sikukuu ya Wafanyakazi, maana ndiyo siku pekee ambayo mabosi wote hukumbuka kwamba tuna familia. Baba huyaita mashindano ya kimataifa. Timu tatu, nchi moja, lakini tusimnyime mzee raha yake.

Mwaka 2015, kule Whitehall, kwa wenzetu wa Columbus, amani yenyewe ilichacha. Nshuti, kipa wa Buffalo, alidaka penalti yetu ya mwisho. Chupa ya maji ikaruka, ikampata mwamuzi kisogoni, na kufumba na kufumbua mashemasi waliokuja kushangilia walikuwa wakipigana kwa viti vya kukunja. Ngoma ya kwaya ilipasuka. Shemasi mmoja alipoteza jino, kisha tukawalaumu Buffalo, tukafunga kwa sala kama kawaida.

Kwa hiyo Julai iliyofuata baba alisimama mbele ya kamati katika ukumbi wa kanisa, miwani puani na Kiswahili chetu cha Kivu mdomoni.

"Bon. Kisha vita kuisha, London ilifanya michezo. Ujerumani na Japani hawakualikwa. Juu ya nini? Juu ni bo balianzisha vita. Donc, Buffalo haitaalikwa."

Kamati ikapiga makofi. Historia ni tamu ukiwa wewe ndiye mwenye funguo za ukumbi.

Mimi sikupiga makofi. Naitwa Kirezi, nilikuwa na miaka ishirini na saba, na kipa huyo wa Buffalo ndiye aliyekuwa mchumba wangu. Wazee wake walikuwa wamepanga kuja na basi la timu: Jumamosi vijana wacheze, Jumapili wazee waje kuniposa. Msemaji wao angekuwa mjomba wake, Polycarpe, ambaye pia ndiye kocha. Baba alilijua hilo na hakuona tatizo lolote. Wazee waje, timu ibaki.

Polycarpe alijibu kwa simu, maneno machache tu: "Kama sistahili kwa uwanja yake, sistahili kwa nyumba yake. Hatutakuya."

Posa yangu ikafa hivyo. Wanawake wengine hukosa mume kwa sababu ya tabia, mimi nilikosa kwa sababu ya Vita vya Pili vya Dunia.

Agosti michezo ya Rio ikafunguliwa. Timu ya wakimbizi ilipoingia uwanjani nyuma ya bendera ya Olimpiki, baba alisimama mbele ya televisheni akalia bila kujificha.

"Angalia! Batu hawana inchi, lakini balibaalika!"

Nikamtazama mtu huyo, mwenye huruma kwa dunia nzima isipokuwa sisi wenyewe. Nilimpelekea maziwa kwa mikono miwili, nikakaa karibu naye.

"Papa, ile siku ya Whitehall nilikuwa nyuma yako. Ni mimi nilikupatiaka maji. Ulikunywa nusu. Ile nusu ingine ndiyo ilienda kwa mwamuzi."

Wabrazili wakaingia uwanjani, wakapita wote, bado ameshika maziwa yake bila kuyagusa.

"Na Ujerumani," akauliza mwishowe, "ilirudiaka mwaka gani?"

"Hamsini na mbili, kule Helsinki. Iko kwa ukurasa wa mwisho. Hukuisoma."

"Miaka ine ni mingi," alisema, akaanza kutafuta simu yake. Kesho yake aliiarifu kamati kwamba historia imesahihishwa, nayo ikapiga makofi tena.

Buffalo walikuja, wakatufunga mbili bila. Nshuti hakuwa hata na adabu ya kumwachia baba mkwe bao moja.

Jumapili ukumbi ulijaa. Kwa desturi yetu, siku ya posa baba wa binti hafungui kinywa. Msemaji wake ndiye anayejifanya hawajui wageni, awasumbue kidogo mpaka jasho liwatoke. Wetu aliwasumbua vizuri: ninyi ni nani, mmetoka wapi, nani aliwaalika?

"Sisi ndio Ujerumani," akajibu Polycarpe.

Watu walicheka wakapiga meza. Baba hakucheka. Alisimama, na ingawa msemaji wetu alimvuta koti kumkumbusha desturi, hakukaa.

"Ile chupa ya kwanza, ni mimi niliitupaka," alisema. "Munisamehe."

Kisha Polycarpe akazunguka meza, akamkumbatia.

"Tulikuonaka, Manassé. Na tumekuya."

Niliyasikia yote nikiwa chumba cha nyuma na shangazi zangu, nikalia mpaka wanja ukafika kidevuni. Tangu Julai nilikuwa nimemkasirikia mzee yule, na hasira yote iliniishia pale pale. Alikiri mbele ya watu mia mbili, na hakusema ni nani aliyempa ile chupa.