Rangi Mbichi kwenye Bembea

Mji ule ulikuwa mdogo kiasi kwamba barabara na burudani viliwekwa chini ya idara moja, idara ikawekwa chini ya mtu mmoja, na mtu yule akawekwa chini ya ulimi wa kila mkazi. Mikono iliyoziba mashimo ya barabara kuu ndiyo iliyofyeka nyasi za uwanja wa mpira. Ngazi ya kubadilishia taa za mitaani ndiyo hiyo hiyo ya kupandia paa la jukwaa bati likilegea, kwa hiyo wiki ya mechi kubwa watu walitembea gizani huku wakishangilia. Lori la idara lilikuwa zima kabisa, ila halikuwaka mpaka lisukumwe.

Mkuu wa idara alikuwa na jina alilopewa na mama yake, lakini mji ulimpa lingine: Bwana Mashimo. Hakuna aliyemuuliza habari za asubuhi. "Bwana Mashimo, lile la mbele ya kinyozi limezaa!" Naye hujibu, "Nimesikia, nitakwenda kumpa pole mzazi," akashika njia yake. Hakuwa mtu wa hasira za karibu. Lakini mwezi ule kulikuwa na jambo lililomnyima usingizi, nalo ni bembea za bustani ya watoto.

Bustani yenyewe ilikuwa nyuma ya soko: miti michache ya kivuli, ubao wa kutelezea, na bembea tatu za minyororo. Bwana Mashimo alikulia pale, na kati ya mali zote za manispaa alizokabidhiwa, hiyo ndiyo aliyoipenda bila kuamriwa. Sasa bembea zilikuwa zinavunjika. Zikitengenezwa leo, baada ya siku chache kulabu zimefunguka na mbao za kukalia zimepasuka katikati.

Fundi wa kuchomelea, mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha kusikika mtaa wa pili, aliinua kulabu moja akaitazama juani.

"Mkuu, mtoto aliyefungua chuma hiki mama yake anamlisha nini? Zege?"

"Si watoto hao. Ni wahuni. Wanakuja kuharibu makusudi."

"Mhuni gani anavunja kitu halafu anafagia?"

Ni kweli, chini ya bembea palikuwa pamefagiwa, hata jani moja hakuna. Bwana Mashimo alipaona, lakini alikwisha kuamua kuwa ni wahuni, na akili ikishaamua macho huenda likizo.

"Hata wahuni siku hizi wana adabu," alisema, akaondoka.

Shida ilikuwa kwamba Meya naye alikwisha kuchoka. Alikuwa mtu mkubwa kwa mwili na kwa sauti, na kwenye kikao cha baraza alisema wazi mbele ya madiwani wote: "Bustani ya kutengenezwa kila wiki si bustani, hiyo ni gereji. Malori ya sokoni yanakosa pa kuegesha. Tung'oe hivyo vyuma, tumwage kokoto, tuegeshe malori."

Bwana Mashimo alisimama kabla hajajua atasema nini. Kosa lake lilianzia hapo.

"Mstahiki Meya, nipe mpaka kikao kijacho. Nitamkamata anayevunja, na jina lake nitalibandika kwa mkono wangu kwenye ubao wa matangazo pale nje. Awe nani awe!"

"Awe nani awe?" Meya aliuliza.

"Awe mtoto wa nani, awe ndugu wa nani!"

Madiwani wakapiga meza kwa furaha. Meya akakubali: mhalifu akipatikana na uharibifu ukakoma, bustani itabaki. Asipopatikana, malori yanaingia. Maji yakimwagika hayazoleki, na Bwana Mashimo alikuwa amemwaga ndoo nzima.

Jioni ya kuamkia kikao, yeye na fundi walizipaka mbao za bembea rangi ya njano, ile ya kuchorea mistari barabarani ambayo ikishika kitu haikiachii. Waliichanganya na mafuta ili ichelewe kukauka. Kibao cha "Rangi Mbichi" alikiacha stoo kwa makusudi. Watoto hawakuwa wakija mapema, na fundi angekuwa amezifuta kabla hawajafika. Atakayekalia bembea zile alfajiri atatembea mjini akiwa na ushahidi mahali ambapo macho yake mwenyewe hayafiki. Bwana Mashimo alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Asubuhi alikuwa anafunga vifungo vya koti la kikao aliposikia mkewe anapiga kelele sebuleni.

"Nani kanipaka rangi kochi langu? Baba watoto! Ni wewe na kazi zako!"

Alitoka mbio. Kwenye kitambaa cha kochi palikuwa na alama ya njano, mbichi, inang'aa. Alijigeuza mbele ya kioo, akajikagua suruali: safi. Akamtazama mkewe: safi. Wakati huo mama yake mzazi, ambaye aliishi nao tangu alipofiwa na mumewe, alitoka jikoni na chupa ya chai. Aliwapita taratibu, akageuka ili aiweke mezani.

Nyuma ya gauni lake palikuwa na mstari wa njano, kutoka upande huu hadi upande ule, umenyooka kuliko mistari yote ambayo Idara iliwahi kuchora barabarani.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Kumbe hata rangi.

"Mama," Bwana Mashimo aliita.

"Naam, baba."

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Mazoezini na wenzangu, kama kila siku. Si daktari alisema tuchezeshe magoti?"

"Mazoezi gani hayo ya kukaa?"

Mama alijaribu kujitazama nyuma, shingo ikagoma. Akajipapasa, akaleta kidole mbele ya macho, akaona njano.

"Ala! Kumbe mmepaka! Na hata kibao cha kuonya watu hamna. Idara gani hiyo?"

Mke wa Bwana Mashimo alikimbilia chumbani akajifungia, na kicheko chake kikapita chini ya mlango.

"Mama, ni wewe unayevunja bembea za watoto?"

"Mimi sivunji. Mimi nabembea. Zinavunjika zenyewe."

Ilibidi akae chini. Alikaa palepale kwenye kochi, akakumbuka rangi, akaruka juu, akavuta kiti.

"Umri huu, Mama? Bembea?"

"Ng'ombe hazeeki maini, mwanangu." Alicheka, kisha akamimina chai polepole, na alipozungumza tena hakuwa akitania. "Mimi ni kifungua mimba, unajua. Nyuma yangu wadogo wanane. Kwetu kulikuwa na bembea moja ya kamba, na kila siku mimi nilikuwa nyuma yake, nasukuma. Zamu yangu ikifika, mara mtoto analia, mara maji yameisha. Nikaolewa, nikakuzaa wewe, nikawa nakuleta pale bustanini. Hukuwa ukitosheka! 'Mara ya mwisho, Mama.' Nasukuma. 'Mara ya mwisho.' Nasukuma tena, mpaka mikono inakufa ganzi. Sikuchukia hata siku moja. Lakini nilikuwa najiuliza, huko juu wanakokwenda wenzangu, kukoje?"

Bwana Mashimo alimtazama mama yake kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya katika nyumba aliyokulia.

"Na kukoje?" aliuliza.

"Kuzuri, baba! Tumbo linabaki chini, wewe unatangulia."

Aliona huruma, akaona na aibu, kwa sababu katika miaka yote ile hakuwahi kugeuka nyuma kuangalia nani anasukuma.

"Kikao ni leo, Mama. Niliahidi mbele ya watu kwamba nitabandika jina."

"Basi bandika."

"Naweza kusema sikumpata mtu."

"Malori yaegeshwe pale? Na wewe uwe mwongo kwa ajili yangu? Sikukulea hivyo." Alimsogezea kikombe. "Bandika. Ila uliandike vizuri, si kama lile bango lenu la 'Usitupe tataka'."

Ukumbi wa baraza siku hiyo ulijaa mpaka madirishani, maana habari za mtego zilikuwa zimevuja. Wafanyabiashara wa soko walikuja, kinyozi alikuja, fundi alikuja na miwani yake ya kuchomelea kichwani. Meya alimaliza sala ya kufungulia kikao, akafungua faili.

"Mkuu wa Idara. Yule mhalifu wako?"

Bwana Mashimo alisimama.

"Amepatikana, Mstahiki."

"Jina!"

"Mstahiki Meya... ni mama yangu mzazi."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Diwani mmoja, ambaye shimo la mbele ya nyumba yake lilikuwa bado halijazibwa, alipaza sauti: "Mchuma janga hula na wa kwao!" Masikio ya Bwana Mashimo yaliwaka moto, lakini hakuketi.

Meya aligonga meza. "Alikuwa peke yake?"

"Hapana," ilijibu sauti kutoka benchi la nyuma. "Tulikuwa watatu."

Akina mama watatu walisimama. Wa kwanza ni mama yake Bwana Mashimo. Wa pili ni jirani yake, mshonaji aliyestaafu. Wa tatu alikuwa mkunga mstaafu, mama mrefu aliyewapokea duniani nusu ya madiwani waliokaa pale, na ambaye binti yake wa pekee alikuwa mke wa Meya.

"Na ushahidi ndio huu," alisema mkunga. Wote watatu wakageuka kwa pamoja, wakauonyesha ukumbi migongo na mistari ya njano iliyokuwa chini yake.

Meya, mtu ambaye kwa heshima hakuwahi hata kuketi meza moja na mkwe wake, alichukua faili la ajenda akajifunika uso wote.

"Mama, nakuomba, geuka," alisema akiwa nyuma ya faili.

"Nigeuke mara ngapi, mkwe? Si nimeshageuka?"

Fundi alilazimika kutoka nje. Madiwani walikuwa wanafuta machozi kwa tai zao. Mkunga hakutikisika.

"Majina yetu yabandikwe," alisema, sasa akitazama mbele. "Haki ni haki. Lakini ile bustani msiiguse. Wajukuu wataipata wapi nyingine?"

Faili halikushuka. Kutoka nyuma yake sauti ya Meya ilikuja ndogo, ya mtu wa kawaida.

"Mkuu wa Idara... Idara yako inapendekeza nini?"

Tangu aanze kazi, Bwana Mashimo alikuwa ameulizwa lini, kwa nini, na mbona bado. Hili la kupendekeza lilikuwa geni, naye akaona alishike kabla halijaruka.

"Idara inapendekeza bembea ya watu wazima, hapo hapo kando ya zile za watoto. Nguzo za magoli ya zamani ziko nyuma ya stoo, nene kama paja. Mnyororo tutatumia ule wa kuvutia lori, lori lenyewe tumezoea kulisukuma. Na malori ya sokoni yaegeshwe nje ya uwanja wa mpira, isipokuwa siku za mechi. Pale ni pakubwa na pako wazi."

"Wanaokubali?" Meya aliuliza, na mkono wa kwanza kunyooka ulitokea juu ya faili.

Ahadi ni deni, na Bwana Mashimo aliilipa jioni ile ile. Alibandika majina matatu kwenye ubao wa matangazo kwa mkono wake, kwa herufi zilizokaguliwa na mkewe. Chini yake akaandika adhabu: kufagia bustani kila asubuhi. Akina mama walikuja kujisoma, wakasema adhabu ni ya haki, maana walikuwa wakiitumikia siku zote.

Fundi alijenga bembea ile kama mtu anayejenga daraja. Siku ya kufunguliwa, jua likiwa bado changa, Bwana Mashimo alifika na spana akakaza kila nati mara mbili. Mshonaji na mkunga walikuwa wamekwisha kupanda na kwenda juu, fundi akiwasukuma na kelele zao zikifika sokoni. Mama yake alikaa kwenye ubao wake, akashika minyororo. Bembea ilikuwa ndefu na magoti yake hayakuweza kuianzisha.

"Sasa hii itajisukuma?" aliuliza bila kugeuka.

Bwana Mashimo aliweka spana chini. Aliweka mikono miwili kwenye mgongo wa mama yake, mgongo uliombeba, na akashangaa ulivyokuwa mwepesi. Akasukuma. Gauni likapepea, viatu vikamtoka vyote viwili, na mama yake akacheka kicheko ambacho mwanawe hakuwahi kukisikia, kicheko cha mtoto kabisa. Furaha ilimjaa mpaka ikamuuma.

Kinyozi alisimama nje ya uzio, mikono kiunoni. "Bwana Mashimo! Lile shimo langu je?"

"Nakuja nikimaliza hapa!"

"Unamaliza saa ngapi?"

"Mama, bado?" aliuliza.

"Mara ya mwisho," alijibu mama yake kutoka huko juu.

Bwana Mashimo alijua vizuri sana hiyo mara ya mwisho ilivyo. Alivua koti, akalitundika kwenye uzio, akamwambia kinyozi:

"Njoo kesho."