Kadi ya Zahanati

Tetemeko lilipiga alfajiri, likaiangusha zahanati ambayo fundi mwashi aliijenga kwa mikono yake. Kwa bahati njema ilikuwa tupu, ila mlinzi alivunjika mguu. Kufika jioni mtaa mzima ulishatoa hukumu: fundi kaiba saruji. Watu bwana, hata vumbi halijatulia!

Fundi hakubabaika. Kwani Bi Kadi wa ofisi ya matetemeko si dada yake mdogo? Kila ardhi inapotikisika, iwe nyumbani au ng'ambo, ndiye huwapanga wanasayansi: nani akapime nyufa, nani akachimbe udongo, nani akazungumze na wafiwa. Kila jengo lina kadi moja ubaoni na kikosi kimoja tu, ili aliyefiwa asihojiwe mara kumi na wageni kumi. Fundi akaenda ofisini kwake kifua mbele, akamwomba aje kupima mwenyewe. Damu nzito kuliko maji, ati.

Dada hata kiti hakumpa. Alikuwa kwenye simu, anawabembeleza watu wa manispaa wazuie tingatinga lisizoe kifusi kabla hakijapimwa. Alipomaliza, alibandua kadi ya zahanati, akamkabidhi mhandisi mgeni, mama mmoja aliyewahi kufanya naye kazi kwenye tetemeko la nchini kwao huyo mama.

"Nikienda mimi, kaka," alisema, "hata kama huna kosa, nani ataamini?"

Fundi aliondoka amefura. Siku tisa dada hakukanyaga kwake, hata salamu ya pole hakutuma. Mke wa fundi akasema huyo si ndugu, ni jiwe. Fundi mwenyewe usingizi ulimpaa. Alikuwa akihesabu kichwani ringi za nondo alizofunga kwenye nguzo, asiwe na hakika tena kama zote alizikaza.

Siku ya kumi mhandisi mgeni alisoma majibu mbele ya mtaa. Saruji ilitosha, ringi zilikazwa. Tatizo ni mchanga wa chini ya msingi: ulijaa maji, ulipotikiswa ukawa uji, na hapo hata angejenga malaika ingeanguka. Mlinzi, na magongo yake, ndiye wa kwanza kumpa fundi mkono.

Jioni ile hodi ilipigwa. Dada alikuwa mlangoni, amekonda, macho mekundu.

"Sasa naweza kuja kukupa pole, kaka," alisema, akaangua kilio.

Mke wa fundi, yule yule aliyemwita jiwe, ndiye aliyekimbia kumletea kiti.