Hadi Wimbo Ushuke

Jumatatu baada ya Jumatatu, kwa wiki kumi na nne, Verna Tackett alimwomba Mungu wimbo wake ushuke kwenye chati. Mungu naye, kama kawaida yake akiombwa jambo dogo, akazidi kuupandisha.

"Niachie Taa ya Jikoni" aliuimba na Doyle Hensley, kipaza sauti kimoja, mashavu nusura yagusane. Nchi nzima ilikwisha kuamua kwamba wale ni mke na mume. Meneja wao, Bwana Ledbetter, hakumdanganya mtu. Alikataza tu watu wasahihishwe. Doyle mwenyewe hakuwa na makuu, alipenda samaki wa kukaanga na usingizi. Mume wa Verna alikuwa Lonnie, dereva wa basi lao.

Verna na Lonnie walikuwa wamepatana: wimbo ukianza kushuka, Verna atasema kweli. Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi. Pakacha hili halikuvuja, na Lonnie alikuwa amechoka. Asubuhi ile, wakiingia Kentucky, alisema bila kutoa macho barabarani, "Leo chati ikitoka bado mnapanda, Verna, mimi narudi kwa mama."

Saa nane mchana, kwenye maonyesho ya kilimo, bibi mmoja alifika mlangoni pa basi na mfarishi wa viraka, ule wenye nakshi ya pete mbili wanaoshonewa maharusi. Katikati alikuwa ametarizi VERNA NA DOYLE.

"Miezi mitatu nimeushona, na macho yenyewe haya," alimwambia Lonnie. "Wewe ndiye dereva, eh? Wapelekee, baba. Usiupake grisi ya hiyo mikono yako."

"Sitaupaka, mama," Lonnie akasema, akaupokea kwa mikono miwili.

Verna aliyaona hayo akiwa nyuma ya pazia la basi. Aibu ilimshika, akashindwa hata kutoka kumshukuru yule bibi.

Walipopanda jukwaani, mtangazaji wa redio aliwatangulia na karatasi mkononi. "Namba moja!" akapiga kelele. "Wimbo wa hawa wapenzi ni namba moja! Haya Verna, mbusu mumeo tuone!"

Verna akakivuta kipaza sauti. "Doyle si mume wangu," akasema. "Mume wangu ni Lonnie. Ndiye anayeendesha basi lile pale."

Mtu mmoja huko nyuma akaangua kicheko, na uwanja wote ukamfuata.

"Doyle, umemkosea nini tena mwenzio?"

"Leo unalala na mbwa, kaka!"

Doyle, mzoefu wa jukwaa, akavua kofia na kuiweka kifuani kama mfiwa. Watu wakacheka hadi machozi.

"Jamani, nawaambia kweli," Verna akasema. Wakazidi kucheka. Bendi ikaanza kupiga, na mdomo wake ukaimba wenyewe.

Aliporudi alimkuta Lonnie ameketi kwenye ngazi ya basi, begi lake miguuni.

"Nimesema, Lonnie."

"Nimesikia."

"Hawakuniamini."

"Usiwalaumu," akasema kwa upole. "Mlipoanza kuimba, hata mimi niliwaamini nyinyi wawili."

Akasimama, akamwekea funguo kiganjani. "Klachi ni nzito kidogo. Mwambie Doyle aikanyage mpaka chini."