Wa Kumtafunia Wangare

Lori lilipoondoka na Wachuka, gauni lake lilikuwa limelowa kifuani, maana ilikuwa saa ya mtoto kunyonya. Askari walimtoa kwenye zizi la kukamulia pamoja na wanawake wengine wa laini, yaani vibanda vya wafanyakazi wa shamba, na hakuna aliyempa nafasi ya kupitia nyumbani. Mama yake, Wangare, alitoka mbio kibandani na mtoto mgongoni, akashika ubao wa nyuma wa lori.

"Mchukueni na mtoto wake! Bado ananyonya!"

Askari mmoja alimpiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Askari wa pili, kijana mdogo, aligeuza uso akatazama ngano. Wangare aliliona hilo hata damu ikimtoka, na baadaye alikuwa akisema kwamba yule kijana alikuwa amelelewa na mtu.

Hiyo ilikuwa Emajensi, hali ya hatari ambapo wakoloni waliwakamata Wakikuyu kwa kula kiapo cha kuwapinga, katika shamba la ngano na ng'ombe nje ya Njoro. Mtoto alikuwa wa miezi mitatu. Baba yake hakuja kuposa, kwa hivyo alipewa jina la upande wa mama, akaitwa Wangare kama nyanyake. Kwa ajili ya jina hilo Wachuka alizoea kumwita binti yake "mama". Akimnyonyesha alikuwa akimwambia, "Kunywa, mama, ushibe." Watu wa laini walicheka wakimsikia, lakini ndiyo desturi ya Wakikuyu, na kicheko chao kilikuwa cha mapenzi.

Sasa nyanya alibaki na mtoto, na mdomo wake mwenyewe ulikuwa umeharibika. Meno ya mbele yalitoka siku ile ile. Ya nyuma yalilegea, yakafuata moja moja. Uzee bila meno ni jambo la kawaida, ila yeye aliyahitaji kwa kazi. Katika nyumba za kwao, nyanya ndiye humtafunia mtoto. Mama hunyonyesha kwanza, kisha nyanya hutafuna kiazi kitamu kilichochomwa, au ndizi iliyoiva, mpaka kiwe laini kabisa, naye humpa mtoto kutoka mdomoni hadi mdomoni, kidogo kidogo, akizidisha jinsi mtoto anavyokua. Wangare aliwalisha hivyo watoto wa dada zake na wa majirani. Huyu wa jina lake hakuwa na maziwa wala mtafunaji.

Maziwa yenyewe yalikuwepo. Wangare alifagia chumba ambamo mashine ilitenganisha maziwa na malai, na kila asubuhi aliona mapipa ya maziwa yaliyobaki yakipelekwa kwa nguruwe. Zamani watu wa laini walikuwa wakigawiwa maziwa hayo. Emajensi ilipoanza, bwana, mzungu mwenye shamba, alisema basi.

Alimwendea Mathenge, nyapara. Mathenge alikuwa Mkikuyu kama yeye. Siku ile ya lori, watu walipopangwa kwenye gwaride, mtu fulani alikuwa amesimama mbele yao akiwa amefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, akitikisa kichwa kwa kila aliyepaswa kupanda lori. Gunia lilifika magotini tu. Laini nzima ilizijua buti zile.

"Mathenge, mwanangu," Wangare alisema, "nipe kikombe kimoja cha maziwa ya nguruwe."

"Nguruwe wa bwana hawakula kiapo, nyanya."

"Mtoto wa miezi mitatu amekula kiapo gani?"

"Alinyonya kwa aliyekula." Mathenge alitabasamu, kisha akainama akamtazama mtoto, na sauti yake ikawa ya upole. "Mimi simlaumu. Mlete kwangu. Nyokabi wangu hajapata mtoto, na mimi nimeruhusiwa ng'ombe mmoja. Atakunywa mpaka acheue."

"Ana nyumba yake."

"Basi mlishe hiyo nyumba."

Aliyemsaidia alikuwa Jepkoech, yaya wa memsaab, mke wa bwana; alikuwa msichana wa Kikipsigis aliyelea mtoto wa nyumba kubwa. Mtoto huyo alilingana na Wangare mdogo. Alinyweshwa maziwa ya unga ya kopo, yaliyokorogwa kwa maji ya moto, na kila mara aliacha kiasi ndani ya chupa. Memsaab alitaka mabaki yamwagwe. Jepkoech aliyaficha chini ya kwapa, ndani ya shuka, yasipoe, akapita nyuma ya ua kana kwamba anaenda kuanika nepi.

"Chukua haraka, Kogo," alisema, kwa maana hivyo ndivyo kwao humwita nyanya. "Huyu mzungu wangu anakula kama padre wakati wa Kwaresima. Mungu azidi kumfunga mdomo."

"Usiseme hivyo. Mtoto hana kosa."

"Nasema Mungu amfunge kidogo tu, Kogo. Nusu chupa."

Jepkoech alimfundisha alivyoona mwenyewe kule ndani. Maziwa kwanza, hata kama ni machache. Uji baadaye, mwepesi, kijiko kimoja au viwili. Ukitanguliza uji tumbo linajaa, mtoto anayakataa maziwa, na uji peke yake hauwezi kumkuza. Mtoto wa nyumba kubwa alipofika umri wa kuponda-pondewa viazi, Jepkoech alileta na viazi pia, vikiwa vimefungwa kwenye kitambaa, laini kama vilivyotafunwa. Wangare alipomtazama mjukuu wake akimeza, alisahau maumivu ya taya.

Mtoto akapata mashavu. Mathenge alikuwa mtu wa kuangalia mashavu.

Memsaab hakupiga kelele. Alimwita Jepkoech, akamwambia kwamba tangu siku hiyo chupa itapitia mkononi mwake kabla ya kwenda kuoshwa. Kila mtoto wake aliposhiba, alichukua kipande cha buluu ya kufulia nguo nyeupe, akakitia ndani ya mabaki, akatikisa chupa, kisha akamkabidhi yaya. Ni Mathenge aliyetoa wazo hilo. Alijisifu nalo kwenye foleni ya posho.

Jepkoech alikuja na chupa hiyo hata hivyo, akilia.

"Nilitaka uone mwenyewe, Kogo, usije ukafikiri nimechoka nawe."

"Siwezi kufikiri hivyo."

Maziwa yalikuwa na rangi ya anga. Mtoto alisikia harufu yake, akanyoosha mikono yote miwili, akapanua mdomo. Wangare aliyamwaga nyuma ya kibanda huku amempa mtoto mgongo, na mtoto akalia kama aliyechapwa. Ardhi ilibaki na doa la buluu mpaka mvua iliponyesha. Jepkoech hakuruhusiwa tena kupita nyuma ya ua.

Ikabaki uji. Wangare alichekecha unga wa posho kwa kitambaa cha kichwani, akaupika mwepesi, na bado ulikuwa uji tu. Alisaga viazi kwa jiwe. Vikiwa na punje, mtoto alipaliwa na kugeuka rangi. Vikiwa vya majimaji, vilipita tumboni bila kuacha kitu. Alijaribu kutafuna kwa ufizi mpaka ukatoka damu, akaogopa kumpa mtoto damu yake. Tumbo la mtoto likavimba, miguu ikawa vijiti, nywele zikageuka nyekundu na kunyonyoka kwenye shuka.

Alikwenda mlango kwa mlango kuomba mtu wa kumtafunia. Hata mara moja kwa siku.

"Ningefanya, mama," jirani mmoja alimnong'oneza mlangoni. "Lakini Mathenge anaangalia ni nani anaingia kwa nani. Nami nina wangu." Akafunga. Jioni Wangare alikuta kiazi kitamu kilichochomwa kizingitini pake, bado cha moto. Hakuuliza ni cha nani. Alikishika tu kwa muda, kwa maana alijua kimetoka kwenye nyumba ambayo nayo haikuwa na kitu.

Asubuhi ambayo mtoto hakulia alipoamka, Wangare alimfunga mgongoni akaenda kwa Mathenge.

Nyapara alikuwa ameketi kwenye kigoda akivaa buti zake.

"Umechelewa kidogo, nyanya," alisema akimtazama mtoto. "Nyama umeila wewe, unatuletea mifupa."

"Nimemleta. Mpe maziwa."

"Ataitwa Damari. Nimelitoa kwenye Biblia, jina safi. Lako baki nalo, hapa halina kazi. Wala sitaki kukuona kwenye ua wangu. Mtoto akikujua atakulilia."

"Mpe maziwa," Wangare alirudia.

Nyokabi alikuwa ameshayapasha moto. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye alama ya zamani juu ya jicho. Alimpokea mtoto, akamnywesha kwa kijiko, akipumzika kila mara ili asitapike, mpaka mtoto akafumba macho na kuyafumbua tena. Mathenge alipotoka kwenda kazini, Nyokabi alichukua kiazi kutoka kwenye majivu, akakimenya, akatia kipande mdomoni. Alitafuna kwa muda mrefu. Kabla ya kumwinamia mtoto, alimtazama Wangare, akingoja.

Wangare akatikisa kichwa kukubali.

Mtoto alipanua mdomo, akapokea. Taya la Wangare lilikuwa likienda pamoja na la Nyokabi, likitafuna hewa.

"Nitamlisha kama wako, mama," Nyokabi alisema.

"Ni wangu," Wangare alijibu, akaondoka.

Mtoto akapona. Wangare aliendelea kufagia, na kutoka chumba cha mashine ua wa Mathenge ulionekana. Mume akiwa mashambani, Nyokabi alitoka nje na kupaza sauti zaidi ya ilivyohitajika: "Wangare! Usile udongo, Wangare!" Naye Wangare mkubwa, ufagio mkononi, aliitika polepole, "Naam."

Wachuka alirudi kutoka kizuizini mtoto akiwa anakimbia na kusema kila kitu. Alitembea kutoka stesheni ya Njoro, kichwa kimenyolewa, mgongo umepinda kama wa mama yake. Wangare alimweleza yote bila kuficha wala kupamba. Wachuka alisikiliza akiwa amesimama. Kisha alishika njia ya kwa Mathenge, na Wangare akamfuata.

Ilikuwa Jumapili. Mathenge aliketi nje na koti lake la kanisani.

"Karibu, mgeni," alisema, na macho yake yalikuwa yakicheka. "Damari! Mletee mgeni maji."

Mtoto alileta kikombe cha bati kwa mikono miwili, akitembea taratibu asimwage, kama alivyofundishwa. Wachuka alikinywa chote. Mkono wake mwingine ulishika kifua, mahali palipolowa siku ile.

"Asante, mama," alimwambia mtoto.

Mtoto akacheka. "Mimi si mama! Mama ni yule." Akamwonyesha Nyokabi mlangoni.

Mathenge naye akacheka, akapiga paja.

"Unaitwa nani basi?" Wachuka aliuliza.

"Mbele ya baba ni Damari," mtoto alisema, akifurahi kulijua jibu. "Baba akitoka ni Wangare."

Kicheko kikakatika. Mathenge aliinuka, akavua koti, akalikunja vizuri juu ya kigoda, kisha akaanza kufungua mshipi.

Nyokabi hakumtazama. Alimbeba mtoto, akavuka ua, akamweka mikononi mwa Wachuka.

"Mchukue. Ana meno yake sasa."

"Haya, mchukueni!" Mathenge alipiga kelele. "Na jua likizama nisiwaone shambani humu, wewe na huyo kibogoyo! Hamna kibanda, hamna kazi. Tuone atakula nini."

Walipofika langoni walisikia pigo la kwanza. Nyokabi hakulia. Aliyelia ni mtoto, "Mama! Mama!", akimpiga Wachuka mateke tumboni na kujinyoosha kuelekea nyuma. Wangare alisimama kidogo, asije yule mwanamke akapigwa bila hata mtu mmoja wa kusimama kwa ajili yake. Kisha akawafuata.

Walibeba walichoweza, wakaenda kwa barabara ya Nakuru. Walipochoka waliketi kwenye majani. Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Wangare alitoa kiazi baridi kutoka kwenye kikapu, akampa binti yake.

"Hana haja ya kutafuniwa," Wachuka alisema.

"Najua."

Wachuka alikishika, akauma kipande, akatafuna. Alitafuna muda mrefu, mpaka kikawa laini kabisa, kisha akainama kwa binti yake. Mtoto alikaza midomo, akageuza uso kuelekea walikotoka. Wachuka alingoja. Akainama tena, na mtoto akageuka tena.

Alibaki ameketi na chakula kile mdomoni. Hakukitema, na hakuweza kukimeza.