Mnyamwezi wa Kitabuni

Karatasi ililetwa Jumatatu asubuhi, Chausiku akiwa uani anapepeta mchele. Tarishi wa bomani hakutaka hata kukaa. Alimkabidhi mwenye nyumba pale barazani, akapanda baiskeli yake, huyo, akakata kona.

Mwenye nyumba ni Mwishehe, mume wa Chausiku. Mwaka juzi marobota ya katani yalimwangukia mguuni bandarini, na tangu hapo kazi yake ni kushona makubadhi barazani, leo pea moja, kesho hakuna. Kusoma hakujua. Aliigeuza ile karatasi juu chini, akaita, "Mama Zuena! Hebu njoo, serikali imeniandikia."

Chausiku alikuwa amekaa shule miaka mitatu kabla hajawekwa ndani mwali. Alijifuta mikono kwenye kanga, akaisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Mwishehe bin Nassibu, nyumba hii ya Temeke. Kabila: Mnyamwezi. Kazi ya kudumu: hana. Arudishwe kwao Sikonge kwa treni ya bara, Jumamosi hii.

"Mnyamwezi nani?" akauliza Mwishehe.

"Wewe."

"Mie?"

Mwishehe alizaliwa Gerezani, palepale mjini. Baba yake Mzaramo wa Kisarawe, mama yake Myao. Yeye mwenyewe hajavuka Pugu maisha yake yote, na treni ya bara aliijua kwa kuisikia ikipiga honi. Alicheka mpaka sindano ikamtoka mkononi. Chausiku hakucheka, maana alikuwa ameshakumbuka.

Miezi mitatu nyuma alikuja karani kuandika watu wa Temeke, nyumba hata nyumba. Alikuwa kijana Mhaya anaitwa Projestus, soksi zimepandishwa hadi magotini, mwezi hata haujaisha tangu ashuke kutoka Bukoba. Siku hiyo Mwishehe alikuwa barazani anacheza bao na mpangaji wao, mzee Maganga. Sasa Maganga ndiye Mnyamwezi hasa, mzaliwa wa Sikonge. Alishuka pwani na mizigo ya askari wakati wa vita vya Mjerumani, akaishia hukuhuku. Na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, jambo ambalo kila mtu wa mji huu analijua. Mtani anaweza kuingia nyumbani kwako akachukua kuku, nawe ukacheka. Mtani ndiye anayelala kaburini kuzuia maiti isishushwe mpaka apewe chochote. Zuena, binti yao pekee, alipokufa kwa surua, Maganga alilala kwenye kile kikaburi kidogo akapiga kelele kuwa huyu mchumba wake, hazikwi mtu hapa. Na Chausiku, katikati ya kilio, akajikuta anacheka. Mpaka leo aliamini kuwa kile kicheko ndicho kilichomfanya azinduke.

Basi karani alipouliza, "Wewe kabila gani?" Mwishehe hajafungua mdomo, Maganga akadakia.

"Huyo usimwulize, bwana. Huyo mtumwa wangu, Mnyamwezi wa Sikonge, nimemnunua kwa kibaba cha chumvi. Mie ndiye Mzaramo. Pwani yote hii unayoiona yangu."

"Kweli tupu," Mwishehe akaitikia, kete mkononi. "Huyu ndiye tajiri wangu. Hata kuoga sithubutu mpaka aniruhusu."

Wakacheka wote, na Chausiku huko mlangoni akacheka. Karani peke yake hakucheka. Aliinama akaandika. Nani angeangalia kalamu?

Jumanne walikwenda mjini kwa miguu, Mwishehe anachechemea na fimbo yake. Kufika pale ofisini wakaambiwa karani yuko mkutanoni, njooni kesho. Wakarudi Temeke na jua lao. Jumatano wakaenda tena, wakakaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka adhana ya adhuhuri, ndipo wakaitwa.

Ukutani nyuma ya meza ya Projestus palikuwa na ramani ya Tanganyika yote, imepakwa rangi vipande vipande kama shuka la viraka. Kila kiraka kina jina lake: Uhaya, Uchaga, Unyamwezi, Ugogo, Uzaramo. Chausiku aliyasoma yote wakati karani anatafuta jalada.

"Bwana Karani," alisema, "mume wangu si Mnyamwezi. Ni Mzaramo. Siku ile ilikuwa utani tu."

"Utani?"

"Utani. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani."

"Mama, mimi niliuliza kwa niaba ya serikali. Mtu akatoa jibu, na huyu mwenyewe akasema kweli tupu. Nimeandika hapa." Akamgeukia Mwishehe. "Haya, kama wewe ni Mzaramo, sema Kizaramo."

Mwishehe alimtazama mkewe. Kizaramo alikisikia kwa bibi yake enzi hizo, akakumbuka maneno mawili ya kumwitia mtoto chakula na moja la kufukuzia mbuzi. "Mie nasema Kiswahili," akasema.

"Kiswahili kila mtu anasema."

"Basi niandike Mswahili."

Projestus akashusha pumzi, kama mwalimu aliyeulizwa swali lilelile mara ya kumi. Alisimama akaigonga ramani kwa rula. "Angalieni. Wanaosema Kihaya, nchi yao hii. Wanaosema Kigogo, hii. Kila lugha ina nchi yake, na kila nchi ina mkubwa wake wa kuwapokea watu wake. Mswahili nimpeleke wapi? Nionyesheni."

Chausiku akainuka, akaikaribia ramani mpaka pua ikataka kuigusa. Alitafuta kweli. Ufukweni palikuwa na kiraka cha Uzaramo. Juu yake kingine, chini yake kingine. Cha Kiswahili hakikuwepo, hata upana wa uzi.

"Wewe kwenu Bukoba," alisema bila kugeuka. "Mie mama yangu Mmatumbi. Hapa tunagombana kwa lugha gani?"

"Hiyo ni lugha ya kazi tu, mama. Lugha ya njiani."

"Basi sie tumezaliwa njiani. Na mzee Maganga ametembea na mizigo kutoka hapa mpaka Ujiji, anasema kila alipotua aliomba maji kwa Kiswahili akapewa. Hiyo njia ndefu hivyo, mbona haina hata rangi?"

Karani akakaa. Hakuwa mtu mbaya. Hata Chausiku na hasira zake aliliona hilo, na likazidi kumuudhi, maana angekuwa mtu mbaya, Chausiku angemtukana akaondoka na nafuu. Projestus alifungua kitabu kikubwa, akapitisha kidole.

"Nyumba yenu ina wanaume wawili. Mnyamwezi mmoja, Mzaramo mmoja, wote hawana kazi ya kudumu. Mzaramo anabaki, hapa kwao. Wa bara anarudi bara. Sasa mnaniambia nilikosea?"

"Ulikosea."

"Basi nimekosea mara mbili. Huyu nikimfanya Mzaramo, itabidi nimwandike yule mzee Mnyamwezi. Yule kwenye kitabu ndiye Mzaramo wenu." Akamtazama. "Nimgeuze?"

Kalamu ilikuwa juu, wino unataka kudondoka. Chausiku alifumbua kinywa, akakifumba.

"Tutarudi," akasema.

Wakashika njia ya Temeke. Walipofika Keko, Mwishehe akasimama, akaegemea fimbo. "Mie nitakwenda," alisema. "Simtaji mzee."

"Utakwenda wapi? Na mguu huo? Unamjua nani Sikonge?"

"Si wanasema ndiyo kwetu."

"Ukome!" Chausiku alimfokea hapohapo barabarani, watu wakageuka. "Utani wenu huo ndio umetufikisha hapa, na bado unatania!"

Alhamisi ilipita vibaya. Chausiku aliunguza wali, akamfokea kuku, akagombana na jirani yake Tabu juu ya ndoo ambayo wala haikuwa yake. Kila alipompita Maganga kwenye ukumbi, mzee akamwambia, "Shemeji, leo umenuna kama mkwe aliyenyimwa pilau," na yeye akapita kimya. Hakuna mwenye haki ya kumnunia mtani. Jioni Maganga akamfuata jikoni, akakaa kwenye kinu kilicholazwa chini.

"Sema," alisema. "Mumeo naye ameacha kunitukana. Nyumba hii ina nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote, ramani, kitabu, kalamu. Maganga akacheka. Alicheka, akajipiga magoti, akafuta macho. Na alipokwisha kucheka akakaa akiutazama moto.

"Kumbe nimekuwa Mzaramo miezi mitatu na hamjaniambia," alisema. "Ningedai mahari."

"Mzee Maganga, mie sikusema kitu pale. Sikumwambia akugeuze."

"Najua. Ndiyo maana umenuna." Akakoroga majivu kwa kijiti. "Miaka thelathini na kitu, shemeji. Nilikuwaga kijana mwenye nywele. Kinyamwezi chenyewe nimekisahau, kimebaki cha kuhesabu na cha kutukana. Nitafika kule niwahesabu, kisha niwatukane, halafu?"

Chausiku alikuwa na hasira tu, na hakuna pa kuitua.

Ijumaa Maganga akavaa kanzu yake ya sikukuu, akatangulia mbele. Ofisini Projestus alimsalimu kwa adabu, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mie ndiye Mnyamwezi unayemtafuta. Huyu hapa Mzaramo, mvivu, mwoga wa maji, hana faida kwa Mnyamwezi yeyote. Ukimpeleka kwetu watanilaumu."

"Kwa nini ulidanganya siku ile?"

"Sikudanganya. Nilitania."

"Mzee, kwetu mtu hatanii mbele ya kitabu."

"Sie kitabu hatukukiona. Tulikuona wewe, tukadhani mgeni wetu."

Projestus aliinamisha macho. Akachovya kalamu, akakata mstari mmoja, akakata wa pili, akaandika juu yake. Haikuchukua muda hata wa mtu kunywa kahawa. Chausiku alikuwa ametembea siku tatu kwa ajili ya mistari miwili ile.

"Na kama ungewaandika wote Waswahili?" akauliza. "Wakabaki wote?"

"Mama, mimi sikuichora ile ramani."

"Lakini unaisoma."

Projestus alikausha wino kwa karatasi, akaita mwingine.

Jumamosi stesheni ilikuwa imejaa. Wagogo, Wanyamwezi, Wamanyema, wengine hata wenyewe hawajui ni akina nani, kila mmoja na kifurushi na karatasi. Projestus alikuwepo anaita majina, na watu wanaitikia, wanauliza behewa lipi, wanagombea dirisha, wanamtania askari, yote kwa Kiswahili. Hakuna aliyesimama kumtafsiria mwenzake. Chausiku alisikiliza makelele yale, akataka kumshika karani mkono amwambie, sikia, hiyo hapo nchi, unaipakia kwenye treni. Lakini karani alikuwa na orodha, na makelele yalikuwa mengi.

Mwishehe alikuwa amemshonea mzee makubadhi mapya. Alimpa dirishani.

"Yananibana," alisema Maganga. "Mtumwa hata kupima mguu hajui."

"Ndiyo miguu ya kipagazi hiyo," Mwishehe akajitahidi. Ndilo tusi la kwanza tangu Jumatatu, na Maganga akalipokea kama mtu aliyepewa chakula cha njiani.

Miezi miwili ikapita. Kabla ya Ramadhani ikaja barua ya Maganga kutoka Sikonge, ameandikiwa na mwalimu mmoja wa huko. Chausiku aliisoma barazani, kidole chini ya maneno.

"Nimefika salama. Ndugu niliowaacha wamekufa, amebaki mmoja, naye hanifahamu. Nikisema Kinyamwezi wanacheka, nikinyamaza wanasema ninajivuna. Jina langu hapa ni Mswahili. Watoto wanaletwa kunitazama: njooni mwone Mswahili. Shemeji, mwambie yule karani ile nchi aliyosema haipo, ipo. Iko huku Sikonge, nyuma ya zizi la ng'ombe, ina raia mmoja. Na mwambie mtumwa wangu asithubutu kufa kabla sijapata nauli ya kuja kumlalia kaburi."

Mwishehe aliomba asomewe tena. Mara ya tatu Chausiku akaikunja, akaitia kwenye pindo la kanga, na kesho yake asubuhi akashika njia ya mjini.

Projestus hakuwepo, amehamishiwa Lindi. Alikuwepo karani mwingine, wa makamo, miwani puani. Ramani ilikuwa palepale. Chausiku akamwekea barua mezani, akaeleza tangu mwanzo: bao, chumvi, treni. Akasema wanataka mpangaji wao arudishwe.

Karani akaisoma barua nzima, hata akatabasamu mahali fulani. "Huyu mzee ni nani kwenu? Ndugu?"

"Mtani wetu."

Akavuta fomu, akaipitia kutoka juu mpaka chini. Mume, mke, mtoto, ndugu, mtumishi. "Mtani haimo," akasema. "Na wewe, mama, kabila lako?"

Jioni Mwishehe alimsikia anafungua mlango wa uani, akauliza bila kuinua kichwa kwenye ngozi aliyokuwa anaikata, "Wamesemaje?"

Chausiku akavua viatu, akatikisa vumbi la barabara nzima, akauchukua ungo wake ukutani.

"Wameniuliza kabila langu."

"Ukawaambiaje?"

"Nimewaambia waniwekee benchi," alisema, akaanza kupepeta. "Kesho narudi."